Likizo Tuliyoipanga Watano

Mwanangu Feza,

Salamu nitakupa kesho bandarini, mkono kwa mkono, mbele ya watu, kwa hiyo hapa naziruka. Nimemwagiza mama yako asikupe barua hii mpaka boti ipite Basoko. Nakujua. Ukiisoma kabla ya hapo utaita mtumbwi wa kwanza uliokuja kuuza samaki ubavuni mwa boti, urudi Kisangani kunigombeza. Kutoka Basoko ni mbali, hata kwa mwenye kichwa kigumu kama chako.

Sasa ni saa tisa alasiri. Mama yako amekupeleka wewe na Sifa kusukwa nywele kwa jirani, na Asani amewafuata kwa sababu amesikia kuna karanga. Nyumba imenyamaza. Nimekaa kwenye meza ile ile tuliyopangia safari. Habari za kuchemsha maji, za kulala na sanduku karibu na kichwa, za dawa ya tumbo, mama yako atakuambia, tena atakuambia mara tatu kwa siku. Mimi nina jambo moja tu, na tangu nikae hapa nimeshainuka mara mbili kwenda kunywa maji bila kiu.

Basi nalisema. Feza, wewe hutarudi na wenzako. Mama yako, Asani na Sifa watamaliza wiki zao mbili za kutembea Kinshasa, watapanda boti. Wewe utabaki kwa mama yako mdogo Mwamini, na mwaka wako wa mwisho utausomea huko. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya pagne ya kijani anayojifunga mama yako, nimeweka bulletin zako zote za shule tangu darasa la kwanza. Mama yako anajua. Mama mdogo anajua, tena amejibu kwa neno moja: "Mulete." Ni wewe peke yako uliyekuwa hujui. Kwa nini, hilo ndilo ninalotaka kukueleza, na katika maelezo hayo sitatoka nikiwa mtu mzuri.

Unakumbuka tulivyoanza. Ilikuwa Jumapili, tumemaliza kula lituma na samaki, nikafuta meza, nikatandaza kalenda ya zamani upande wake mweupe, nikasema mwakani tunakwenda Kinshasa sote watano. Si kwa kilio, si kwa ugonjwa. Tunakwenda kutembea tu. Mama yako alicheka mpaka akashika tumbo. Katika ukoo wetu, tangu babu zangu walipotoka Kasongo, hakuna aliyewahi kufunga safari bila msiba au biashara. Nikampa kila mtu haki ya kuchagua jambo moja. Asani alitaka kupanda lifti ya jumba refu, juu na chini mara kumi. Sifa alitaka barafu ya maziwa. Mama yako alitaka kukaa uani kwa mdogo wake siku tatu bila kugusa sufuria. Wewe ulitaka kusimama ukingoni mwa mto uitazame Brazzaville, uone nchi nyingine kwa macho yako, kisha urudi kula. Mimi nilichagua upumbavu: mtu anisimamishe barabarani aniulize njia, nami niijue.

Ndipo nikaanza kuulizia watu. Mwanajeshi mmoja wa kambi ya Kapalata aliniambia tukishuka bandarini tusimwachie mtu yeyote mzigo. Mpishi wa zamani wa boti akaniambia tusipowaachia wabeba mizigo tutasimama pale mpaka kesho yake. Mwalimu wako wa jiografia alinichorea barabara kuu zote kwa wino mwekundu, nikamshukuru sana, na baada ya miezi nikagundua kwamba naye hajafika. Mwaka wa kwanza Sifa aliugua surua. Mwaka wa pili boti iliharibika. Mimi nikaendelea kuchora na kufuta. Leo nataka kukuambia utaishije katika mji huo, na naona sina hata neno moja la kukupa. Nakutuma mahali ambapo mimi mwenyewe, na ramani zangu zote, ningepotea kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka huu nilisema lazima twende. Safari ni karatasi, nami ni karani wa mafaili, karatasi ndizo ninazozijua. Ilitakiwa likizo yangu itiwe sahihi na Mkurugenzi wa ofisi yetu, kisha itoke ruhusa ya safari yenye majina yetu sote, sababu ya kusafiri, na muhuri. Nikapeleka ombi. Likarudishwa na yule bwana anayesimamia animation kwetu, zile ngoma na nyimbo za kusifu chama kila wageni wakubwa wanapofika. Alinisimamisha kwenye korido.

"Citoyen, unaomba congé ya mwezi muzima, na ku nyumba yako hakuna hata mutu moja mwenye anacheza animation?"

Nilirudi nyumbani nikakuandikisha. Hukukubali. Ulisema, "Papa, miye sipendi. Kule wanatuangaliaka mubaya." Maneno hayo uliyasema wazi, mbele ya mama yako, na sitajifanya kwamba sikuyasikia. Nikakujibu, "Ni wiki tatu tu, mama." Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na siku ile nililitumia jina lake kukulainisha.

Wiki tatu ulicheza mstari wa nyuma, na wasichana warefu. Laiti ningeliacha hivyo. Lakini ujumbe kutoka mji mkuu ulipokaribia kufika, mimi, baba yako, nilimwendea yule msimamizi nikamwomba akuweke mbele, ili Mkurugenzi aone kwamba nyumba ya karani wake inashiriki. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nililifikiri mwenyewe usiku kitandani nikajiona mwerevu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husema watu. Mimi nilitaka muhuri, na mgongo nilioinamisha ulikuwa wako.

Ngoma ilipokwisha, Mkurugenzi alikuwa amesimama na watu wake, koti lake la abacost limefungwa mpaka shingoni, anajifuta jasho. Akauliza, "Ule wa mbele, mwenye kucheka kidogo, ni mutoto wa nani?" Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo nilikuwa nimeinua mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Ni wangu, Citoyen Directeur! Ni wa kwangu!" Nilikuwa na furaha, Feza. Nataka ujue hata hilo. Nilitembea nyumbani kwa miguu siku ile kwa sababu furaha haikuniruhusu kukaa.

Jumatatu aliniita ofisini kwake. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sijawahi kuambiwa niketi katika chumba kile.

"Beau-père," akasema, "ikala."

Nikaketi, nikiwa tayari nimefanywa baba mkwe. Alinipa soda. Ruhusa yetu ilikuwa mezani, majina matano, muhuri umeshagongwa. Akasema ana nyumba ndogo upande wa Simi-Simi, bado mpya, haina mtu. Akasema yeye si mhuni, atakuja kwangu na wazee wake, na mahari, kila kitu kwa utaratibu. "Sina haraka. Mutoto aende kwanza vakansi na mama yake, apumuzike. Mukirudi, alors, tutazungumuza." Nilikuwa nimejiandalia sentensi moja fupi: mutoto bado anasoma. Niliishika mdomoni mpaka soda ikaisha. Kilichotoka ni "Tunashukuru."

Kufikia mchana korido nzima walikuwa wananiita beau-père, wananipiga mgongoni, na nikawa nacheka nao.

Hapo kuna jambo la zamani ambalo sijapata kumwambia mtu. Ulipokuwa mdogo, kulikuwa na mzee mmoja katika ofisi yetu, mpiga chapa, naye aliitwa beau-père vivyo hivyo, na mkubwa aliyekuwapo kabla ya huyu. Sisi makarani vijana tulimcheka, tukamwambia amepata bahati, na wali ulipoletwa ofisini kwa sherehe nilikula sahani mbili. Yule mzee hakula. Niliona kwamba hakula, nikaona ni maringo ya wazee. Binti yake nilikuja kumwona mara moja tu, miaka mingi baadaye, kwenye soko la Tshopo, amebeba mtoto mgongoni. Nilimwamkia. Alinitazama tu akaendelea kuchagua nyanya. Siku hizi napita pale nikitazama chini.

Nilikwenda kwa kaka yangu. Nilijua kwamba mtu mmoja hawezi kusema hapana, lakini ukoo unaweza. Papa mkubwa Ramazani alinisikiliza akitafuna mbegu yake ya kola, kisha akanishangaa. "Mukubwa kama ule anakuja na wazee, kwa heshima, na wewe unalia? Wengine wanachukuliwa watoto bila hata bonjour!" Hakusema kwa ubaya. Kwake hii ni neema, na ana wana watatu wasio na kazi. Nikamwuliza: na Feza akikataa? Akasema, "Feza atakataa nini? Ni mutoto."

Hata mimi ningesema hivyo zamani. Unamkumbuka yule mgeni aliyekushika shavu ukiwa na miaka saba, akakuvuta umbusu, ukamwuma kidole mpaka damu? Nilikuchapa mbele yake. Nikakulazimisha umwombe radhi, nawe ukaomba huku unatazama ukuta. Nilidhani nakufundisha adabu. Nimelifikiria sana kidole kile wiki hizi. Tangu siku ile nilikuwa nakufundisha kumpa mkono kila anayeunyoosha, na ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyostahili. Huko uendako sitakuwapo kukuchapa wala kukusifu. Mtu akikushika usivyopenda, fanya ulivyofanya ukiwa na miaka saba, na usiombe radhi.

Mama yako nilimwambia mwisho, kwa woga. Hakupiga kelele. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Wewe ndiye ulimutia mbele. Bon. Vakansi tunaenda, sisi wote. Ruhusa si iko na majina tano? Feza anabaki kule." Ndivyo tu. Mimi nilikuwa nimekesha siku nne nikitafuta njia, yeye alimaliza kabla hajautua ungo. Tangu siku hiyo tumeendelea kupanga likizo mezani kila Jumapili, mnabishana nani ataanza, lifti au barafu, na mimi na mama yako tunatazamana juu ya vichwa vyenu. Sijawahi kuona kazi ngumu kama ile ya kucheka Jumapili hizo.

Alhamisi Mkurugenzi aliniita tena. Likizo yangu ameifuta. "Wewe, beau-père, baki kwanza, tupange mambo ya wazee. Wao waende." Alisema huku anacheka, na sijui kama ni utani, kama ni mapenzi, au kama amenusa kitu akaona ni vizuri kushika rehani. Akachukua ile ruhusa, akapiga mstari juu ya jina langu kwa rula, vizuri kabisa, akarudisha. Wewe unafikiri nimezuiwa na kazi. Au labda umeshajua, maana siku tatu hizi unanijibu bila kunitazama, na mfuko wa mchele alioutuma Mkurugenzi ulipoingia nyumbani ukaniuliza umetoka wapi nikasema ofisini, uliondoka bila kuuliza la pili.

Nimekatizwa kidogo. Alikuwa dereva wa Mkurugenzi. Ameleta pagne, mpya, bado na karatasi yake, "ya mutoto kwa safari". Akauliza, "Boti itarudi lini, Papa?" Nami nikamtajia wiki, nikamwelekeza hata saa ambayo boti huonekana. Nikasema, "Umwambie Mkubwa tunashukuru sana." Mlango ulipofungwa nilisimama pale pale. Hivi ndivyo nilivyo, mwanangu. Hata leo, na sanduku lako limeshafungwa, akija mtu na gari lake mdomo wangu unashukuru peke yake. Pagne iko juu ya kiti. Mama yako ataifanya nini sijui. Ninavyomjua, itaishia Bumba kwa mwanamke anayeuza samaki wa moshi.

Nisikudanganye kuhusu mbele. Boti ikirudi bila wewe, nitasema uliugua, mama yako mdogo akakuzuia kwa matibabu. Baada ya mwezi nitasema bado. Baada ya hapo sijui nitasema nini. Pengine ataona aibu aniache, wakubwa wengine huona aibu. Pengine atanihamishia mahali pa mbu, pasipo na shule ya Asani. Pengine ni kaka yangu atakayeudhika zaidi yake. Nimejaribu kulipanga hili kama nilivyopanga likizo, kwa mistari, kwa siku, na kila mstari unafika mahali unakatika. Naogopa, Feza. Nakuambia kwa sababu utasikia kwa mama yako kwamba nimetulia, na si kweli.

Na huko nako, sijui. Mama mdogo Mwamini nilimwona mara ya mwisho akiwa bibi harusi. Mume wake simjui ila kwa picha. Watakucheka Kiswahili chako, wanasema huko ukikisema wanajua umetoka juu ya mto. Lingala unayo, itumie, lakini usiku ukiwa na mama mdogo ongea cha nyumbani, usikionee haya. Siku ya kuagana huko Kinshasa, wao wakipanda boti ya kurudi, Sifa atakushika nguo. Nimejaribu kutafuta maneno ya mama yako kumwambia, sikupata. Wiki zile mbili, nakuomba, mfanye yote tuliyoandika. Usiwanyime wadogo zako kwa sababu ya barua hii. Asani apande lifti mara kumi. Wewe nenda ukingoni uitazame hiyo nchi nyingine, na uitazame vizuri, uchukue muda.

Sasa nasoma tena nilichoandika, na naona kwamba nimefanya lile lile. Nilikuweka mstari wa mbele bila kukuuliza, na leo nakutuma mbali bila kukuuliza. Kwa siku arobaini nimekaa nawe meza moja na sikukuuliza hata mara moja, "Feza, wewe unataka nini?" Niliogopa ungesema unataka kubaki na sisi. Niliogopa zaidi ungesema utaolewa tu ili tusipate shida, maana wewe ndivyo ulivyo, na mimi, nikiwa nimechoka, ningekubali. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha kuliko Mkurugenzi. Kwa hiyo una haki ya kukasirika. Kasirika hata mwaka. Usiniandikie ukitaka. Ila nikasirikie ukiwa huko huko.

Nawasikia kwenye njia, mnarudi, Sifa analia nywele zimevutwa sana. Nitaficha karatasi hizi, nitatoka nje nikuambie umependeza. Kesho bandarini watu wa ofisi watakuwapo, pengine na yeye mwenyewe, na nitalazimika kukuambia kwa sauti, wasikie wote, kwamba wiki mbili si nyingi na ninakungoja. Usinisikilize. Baba yako anakuomba hapa, kwa mkono wake, jambo ambalo hajapata kumwomba mtu: mwanangu, usirudi nyumbani.

Papa yako